Alama ya Kijani Shimoni

Kama kuna maneno yaliyomchosha Mtaalamu kuliko yote duniani, basi ni haya mawili: "programu ya kweli". Meneja wa kampuni ya lifti aliyatamka mara kumi kwa siku, na kila alipoyatamka Mtaalamu aliuma meno mpaka mataya yakamuuma. Hilo jina la Mtaalamu alipewa na wenzake kwa utani. Yeye ndiye peke yake pale aliyejua kutengeneza tovuti, na kwenye kampuni ya watu wa spana na grisi, anayejua tovuti huhesabiwa kuwa anajua kila chenye waya, hata birika la chai.

Mwaka uliopita meneja alimwita akamwambia anataka programu ya ukaguzi. Mafundi wajaze taarifa za lifti kwenye simu, naye azione kwenye kompyuta yake. "Simu za kila aina," alisema, "na kompyuta pia. Nakupa miezi miwili." Miezi miwili, mtu mmoja! Mtaalamu hakujua lugha za simu za aina hii wala ile. Alijua HTML, CSS na JavaScript, lugha za tovuti, basi. Akafanya wafanyavyo wengi siku hizi: akaandika kurasa zake kama za tovuti, akazifungia ndani ya ganda, ganda moja la simu, jingine la kompyuta, na ndani yake msimbo ule ule. Programu ikafunguka, ikafanya kazi. Hakuna aibu hapo. Lakini meneja alipojua, weee! "Kumbe ni tovuti imevaa koti?" Tangu siku hiyo kila kiduara kilipozunguka kwenye kioo kikisubiri mtandao, simu ililia mezani kwa Mtaalamu. "Mbona inazunguka? Programu ya kweli haizunguki!"

Mwisho akakiondoa hicho kiduara. Meneja akanyamaza, naye akapumua.

Jumatatu moja meneja akamwekea karatasi mezani. Lifti kumi na moja hazikuwa na taarifa ya ukaguzi kwa miezi miwili, na zote zilikuwa za fundi mmoja. Fundi mwenyewe alikuwa baba mkwe wake Mtaalamu, mzee wa watu aliyekuwa akishuka kwenye mashimo ya lifti tangu mumewe Mtaalamu hajazaliwa. Kikao kingekuwa Ijumaa. Wakimkuta na kosa wangemfukuza kazi na kumnyang'anya muhuri, ule muhuri ambao fundi akiupiga, watu hupanda lifti bila kuwaza.

"Anasema kazijaza zote," meneja alisema. "Njia ya mwongo fupi. Au huo mfumo wako ndio umekosea?"

Haya sasa. Mwaka mzima mtu anaambiwa kazi yake ni koti tupu, leo anaulizwa kama imekosea. Damu ikamchemka. "Mfumo haudanganyi," alisema, na mara tu neno lilipomtoka akakumbuka ni nani anayesemwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Jumanne mzee akaja mwenyewe mezani kwake, kofia mkononi.

"Mwanangu, nilibonyeza. Ikatoka alama ya kijani, ikaandika 'Imetumwa'. Nimeiona kwa macho yangu haya."

"Baba, labda hukubonyeza vizuri."

"Kubonyeza nako kuna ufundi?"

Mtaalamu akamwonyesha tena jinsi ya kujaza. Mzee akajaza yote palepale, hakukosea hata kimoja, na taarifa ikafika kwenye kompyuta kabla hajainua kidole. Mtaalamu akamwona kama anamfanyia makusudi. Kama inakubali hapa, kwa nini kule isikubali? Akasema kesho watakwenda pamoja, ajionee, yaishe.

Jumatano wakaenda kwenye jengo la ghorofa tisa. Mzee akazima lifti, akaweka kibao cha onyo, akafungua mlango wa chini kwa ufunguo wake wa pembe tatu, akateremka ngazi ya chuma. Alipofika chini aligeukia ukuta mpaka mkaza mwana wake alipomaliza kushuka. Palikuwa na baridi, kuta nene za zege pande zote, na harufu ya mafuta iliyomkaa Mtaalamu kooni.

Mzee hakuwa na haraka. Alishika springi moja moja, akapitisha vidole kwenye reli, akamulika kamba za chuma mpaka juu, akainama kutazama kama kuna maji. Kila alichokishika alikijaza kwenye simu hapo hapo. Mtaalamu alikuwa ameshachoka kusimama.

"Baba, kwa nini usijazie huko juu kama wenzako?"

"Wenzangu hujazia kwenye kiti cha mlinzi. Wengine hata mlango huu hawajaufungua, jengo zima linajua. Mimi naandika ninachokiona wakati ninakiona. Nikishapanda juu, nitakuwa naandika ninachokumbuka."

Akabonyeza. Alama ya kijani hiyo, na neno lake: Imetumwa.

"Umeona?"

Mtaalamu alikuwa ameona, lakini macho yake yalikuwa kwenye pembe ya juu ya simu, pale panapoonyesha mtandao. Hapakuwa na kitu. Hata kijistari kimoja.

"Nimeona, Baba," alisema, na hakuongeza neno mpaka walipoagana barabarani.

Ofisini alifungua msimbo wake. Hakutafuta sana. Siku ile alipochoshwa na kelele za kiduara, aliagiza programu ionyeshe kijani fundi anapobonyeza tu, ndipo ianze kutuma. Na ikishindwa kutuma? Ikishindwa, haisemi kitu. Fundi akifunga ukurasa, kazi yake imekwenda na maji. Juu ya mstari huo alikuwa amejiandikia mwenyewe: "Nitarudi hapa baadaye." Baadaye! Jamani, hilo baadaye la watu wa kompyuta! Miezi miwili imepita, na baadaye yake bado haijafika.

Kwa hiyo waliokaa kwenye kiti cha mlinzi, penye mtandao wa kutosha, taarifa zao zote zilifika, safi kabisa, za lifti ambazo hawakuzigusa. Aliyeteremka shimoni kila mara ndiye akaitwa mwongo. Na aliyesema mfumo haudanganyi ni nani vile? Mtaalamu alitaka kumlaani meneja na kiduara chake, lakini mstari ule haukuandikwa na meneja.

Angeinua simu saa ile ile, yangekwisha. Hakuinua. Alijiambia kwamba kwanza atengeneze, taarifa zikae kwenye simu mpaka mtandao upatikane, ili Ijumaa aingie kikaoni na ugonjwa pamoja na dawa yake. Maneno mazuri hayo. Ukweli ni kwamba aliogopa, na tusimpambe. Alhamisi alishinda kwenye kiti akiandika na kufuta. Jioni mumewe akamuuliza suala la mzee limefikia wapi, naye akajibu, "Bado naangalia," akaendelea kula.

Ijumaa akapiga moyo konde, akachukua kompyuta yake, akaingia kwa meneja. Mzee alikuwa amekaa tayari, kofia magotini, macho chini.

"Usijisumbue kufungua," meneja alisema. "Limekwisha. Mzee amekiri."

Akamsogezea karatasi. Mwandiko ulikuwa wa mzee, ule wa herufi kubwa zilizosimama wima. Alikuwa ameandika kwamba hakuzikagua hizo lifti kumi na moja, kwamba ni uzembe wake, na kwamba mfumo hauna kosa lolote. Chini ameweka sahihi.

"Baba, hiki nini?"

"Si umesoma?"

"Lakini si kweli! Baba, mbona unajifunga kitanzi?"

"Mtu amekiri mwenyewe, wewe unamkatalia?" meneja akauliza. "Leo nimeona mapya."

Mtaalamu akaona ubishi hauna maana. "Toa simu yako," akamwambia meneja. "Zima mtandao wote. Haya, fungua programu. Jaza kwamba umekagua lifti ya jengo hili, weka tiki kila mahali. Bonyeza."

Meneja akabonyeza. Kijani. Imetumwa.

"Imetumwa wapi? Tazama kwenye kompyuta yako."

Meneja akageukia kompyuta, akatafuta, akatafuta tena. Hapakuwa na taarifa. Akaitazama simu yake, halafu akautazama, kule koridoni, mlango wa lifti ambayo hajaikagua maishani mwake.

"Shimoni hakuna mtandao," Mtaalamu alisema. "Baba alizikagua zote na akajaza zote akiwa kule chini. Programu ndiyo iliyomwambia uongo, na uongo huo niliuandika mimi. Ulitaka isizunguke, nami nikaona njia ya mkato. Nimelijua hili tangu Jumatano. Nimekaa kimya siku mbili."

Meneja alikohoa, akasema mengi kuhusu programu za kweli, na safari hii Mtaalamu alimwacha aseme. Mwishowe akairudisha ile karatasi kwa mzee, akamwambia arudi kazini na muhuri wake. Mtaalamu akapewa barua ya onyo, akaisaini bila kuisoma mara mbili.

Wakateremka kwa ngazi. Mtaalamu alitarajia japo ahsante ndogo. Mzee alikuwa amekunja uso.

"Nani alikuomba uyaseme yale?" aliuliza walipofika ghorofa ya kwanza. "Wangekufukuza je? Mimi umri umekwenda. Wewe una nyumba ya kulea."

"Na wewe nani alikuomba ukiri kosa lisilo lako? Ulijuaje hata kama ni langu?"

"Nilijua tangu kule shimoni. Uliitazama simu, ukanyamaza. Mimi mashine nazijua kwa kuzisikiliza, mwanangu, na wewe ulinyamaza ghafla."

"Ningesema, Baba! Nilikuwa naitengeneza kwanza. Nilipanga kusema leo."

Mzee akasimama kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akamtazama usoni.

"Ningejuaje? Jumatano nilikusubiri upige simu. Jana nikakusubiri mchana kutwa. Saa kumi na moja jioni ndipo nikachukua kalamu."