Ndama wa Mzee Efraimu

Elinipendo alikuwa na kiti cha kuzunguka chenye mgongo mrefu, kiti kizuri kuliko vyote pale kijijini Machame, hata cha mchungaji hakikifikii, na kiti hicho ndicho kilichotaka kumuua. Alikikalia tangu saa mbili asubuhi mpaka giza linaingia, hedifoni masikioni, kompyuta mbele yake, akisikiliza sauti zilizorekodiwa za watu asiowajua na kuandika walichosema. Kampuni ilikuwa ng'ambo, na bosi wake hakuwahi kumwona uso. Nyumba ilikuwa ya baba yake, na baba alikuwa amelala kaburini nje kwenye migomba, pembeni ya mama, mwaka wa tatu sasa. Kaka yake Calvin alikaa Dar. Alikuja Krismasi, akachinja mbuzi, akaondoka. Basi mwanamke wa miaka hamsini na moja akawa anaishi na sauti mia kwa siku, na hakuna hata moja iliyomwita jina lake.

Mwezi wa tatu mguu wa kushoto ukavimba. Akaupuuza wiki nzima, maana kazi ilikuwa na tarehe ya mwisho. Daktari wa Bomang'ombe, kijana aitwaye Denis, alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba damu imeganda mguuni kwa sababu ya kukaa.

"Dawa nakupa, mama, lakini dawa peke yake haitoshi. Tembea. Kila asubuhi, dakika arobaini. Ukirudia maisha yale, damu itaganda tena, na safari hiyo inaweza kupanda mpaka kwenye mapafu. Hapo hatutakuwa na mazungumzo."

Kuambiwa tembea ni rahisi. Kwenda wapi, hilo daktari hakusema. Huku mlimani watu hutembea tangu wajue kusimama: kukata majani ya ng'ombe, kwenda kanisani, kwenda sokoni, kuangalia mfereji umezibwa na nani. Kutembea tu, bila kwenda popote, ni jambo geni. Hata watalii, pamoja na wazimu wao wote, wana kilele wanachokiendea.

Siku ya kwanza Elinipendo alivaa raba, akatoka saa kumi na mbili na nusu, akashika njia ya kushuka kwa haraka, mikono mitupu. Hakufika mbali. Magreth, jirani yake wa chini, alikuwa anafagia uwanja. Alipomwona aliangusha ufagio, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yesu wangu! Nani tena?"

"Nani nini?"

"Nani amefariki?"

Maana mtu mzima anayepita asubuhi mbiombio, hana kapu wala panga, huyo amebeba neno, na neno la alfajiri ni la msiba. Simu zipo, ndiyo, lakini msiba wa jirani hupelekwa kwa mguu. Elinipendo akaeleza habari za daktari na damu, Magreth akaitikia kwa adabu. Hata hivyo kufikia jioni watu watatu walikuwa wameshafika kwake na kuni na mkungu wa ndizi, kumpa pole ya kaka yake Calvin, ambaye wakati huo alikuwa Dar anakula zake chipsi. Ilipojulikana kwamba hakuna msiba, walicheka sana, wakaaga, wakaondoka na mkungu wao. Elinipendo alilia. Aibu aliiweza. Kilichomliza ni kwamba kwa nusu saa nyumba ilikuwa na watu, na ili waje ilibidi kwanza kaka yake afe.

Siku mbili hakutoka. Ya tatu mguu ukaanza kuuma upya, na hofu ikamshika barabara. Alijijua vizuri: bila kitu cha kumtoa nje asingetoka, na asipotoka kiti kingemmaliza. Asubuhi akaipa mgongo njia ya Magreth, akapanda juu, ambako nyumba ni chache. Njia ilipoishia, kwenye ua wa mimea ya masale, Mzee Efraimu alikuwa amekaa kwenye benchi na fimbo yake. Alikuwa amepita miaka themanini, na nyonga ilikuwa imemvunjika mwaka juzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi, mwanangu?"

Alikuwa amechoka kueleza habari za damu. "Popote utakaponituma," akasema kwa utani.

Mzee hakucheka. "Basi vuka korongo uende kwa Aikaeli. Muulize ndama wangu anaendeleaje, kisha uniletee jibu."

Elinipendo aliielewa desturi hiyo. Mzee alikuwa ameweka ng'ombe wake kwa Aikaeli, mjane wa ng'ambo ya korongo. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, mwenye ng'ombe hupata ndama. Kwenda dakika ishirini, kurudi ishirini. Daktari mwenyewe asingepima vizuri zaidi.

Aikaeli alimpokea mlangoni, akampa chai ya rangi. "Mwambie anaendelea vizuri. Ananyonya."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Masika yakaja, korongo likateleza, akavuka akishika mizizi. "Muulize ana rangi gani." "Mwambie ana baka jeupe usoni." "Muulize anaharisha?" "Mwambie aliharisha jana, leo hajambo." Mguu ukanywea, Denis akafurahi mpaka akamwita muuguzi aje aone. Lakini dakika arobaini si siku. Zikiisha alirudi kwa zile sauti, na ilipofika saa tisa alasiri upweke ulikuwa umeshamrudia. Ndama mwenyewe hakuwahi kumwona. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, na huchungulii banda la mwenzio bila kukaribishwa. Ng'ombe akiugua, watasema una jicho baya.

Mwezi wa saba, asubuhi ya ukungu mzito, Aikaeli hakuwepo mlangoni. Elinipendo alipiga hodi, akaita, kimya. Akaogopa mama wa watu asije akawa ameanguka, akazunguka nyuma.

Banda lilikuwa tupu. Kwenye hori palikuwa na majani makavu na utando wa buibui, na sakafuni hapakuwa na hata tone la samadi mbichi.

Aikaeli akatokea kwenye migomba na mzigo wa kuni. Aliutua taratibu.

"Alikufa akizaa," alisema kabla hajaulizwa. "Yeye na ndama wake, mwezi wa pili. Nikaogopa kumwambia mzee. Halafu ukaja wewe kuuliza, na mimi nilikuwa sijaongea na mtu siku ya nne."

Elinipendo alivuka korongo akiburuta miguu. Akisema kweli, safari zimekwisha, na anakijua kinachomngoja nyumbani. Akinyamaza, anamdanganya mzee juu ya mali yake mwenyewe. Njia nzima aliufanyia mazoezi uongo: ameanza kula majani, ameanza kula majani. Alipofika kwenye benchi, uongo ukagoma kutoka.

"Mzee, ndama hayupo. Hakuwahi kuwepo."

"Najua," Mzee Efraimu akasema. "Vijana waliomfukia yule ng'ombe walipita hapa kuazima majembe yangu."

"Sasa ulikuwa unanituma ya nini?"

Mzee alichora chora chini kwa fimbo. "Niliona huna pa kwenda. Na mimi sina anayekuja. Kesho habari za ndama ziache. Muulize Aikaeli, yeye mwenyewe ameamkaje. Na wewe, mwanangu? Umeamkaje?"

Salamu hiyo jibu lake ni moja, na mtu hulitoa kabla hata hajafikiri. Elinipendo alifungua mdomo aseme salama.

"Vibaya, mzee," akasema. "Siku nyingi naamka vibaya."

Mzee akasogea akampisha nafasi kwenye benchi. "Kaa."

"Nimekatazwa kukaa."

Mzee Efraimu alimtazama. Kisha akaishika fimbo kwa mikono miwili, akaanza kunyanyuka. Ilichukua muda mrefu. Nyonga ilikataa mara mbili, Elinipendo akamwekea bega, na hatimaye wakawa wamesimama wote wawili, wameegemea ua.

"Haya," mzee akasema, akihema. "Unaamka vibaya tangu lini?"