Mama wa Dirishani

Jumamosi saa nne asubuhi kaka mkubwa alifungua daftari lake, akapiga mstari kwa rula, akaandika: Uamuzi namba tisa, Mama asile chumvi. Akatia sahihi. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, hatua tatu kutoka pale, akiwapungia mkono wapita njia. Hakuna aliyemwuliza kitu, maana daktari alishaandika kwamba akili yake haiwezi tena kuamua, na barua ya usimamizi ilikuwa na jina la kaka.

Kaka alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na tangu astaafu alikosa watu wa kuwapanga mstari. Mama alimfaa sana.

Mchana huo kaka alilalamika kwamba mchuzi hauna chumvi. Mkewe akaongeza, akaongeza tena, mpaka wengine wakasukuma sahani; kwa kaka bado ulikuwa chapwa. Jumamosi iliyofuata aliamua Mama awe analala saa moja jioni. Ilipofika saa moja kamili akalala yeye, wima, mswaki mdomoni. Uamuzi namba kumi na moja, Mama anyolewe kipara ili kumwogesha kuwe rahisi, uliondoka na nywele za kaka pamoja na sharubu alizozilea miaka thelathini. Mama alibaki na mvi zake zote.

Kaka akaenda ofisini kuuliza. Karani aliikagua barua, akasema uamuzi wa barua za chapa hiyo humshika mwenye sahihi, si anayeamuliwa, na barua za zamani zilikwisha.

"Wengi humpa mtu mwingine asaini," alimwambia, akaita anayefuata.

Kaka alirudi nyumbani na bashasha zake. Aliyekuwa akimtunza Mama ni kitindamimba, binti fundi cherehani. Ndiye aliyemwogesha, akamtafutia kiatu cha pili, na kila asubuhi akamshika mkono na kumkalisha dirishani, kwa kuwa Mama hawezi kuinuka mwenyewe. Sasa uamuzi namba kumi na mbili ulisema Mama ahamishiwe chumba cha uani, asije akaitia familia aibu kwa kupungia kila mtu. Fundi alikosa usingizi siku mbili. Aliamini kabisa kwamba bila dirisha lile mama yake angezimika.

"Saini, mdogo wangu," kaka alisema. "Si wewe ndiye unayekaa naye?"

Fundi alichukua kalamu, akaifuta namba kumi na mbili, na juu yake akaandika: Mama akae dirishani siku zote. Alijua anachojitakia. Alimpenda mama yake, basi, akasaini.

Kiti cha pili kilitoka mezani kikajisogeza dirishani, naye akawa amekikalia. Alijaribu kuinuka, ikashindikana. Wifi yake akamletea cherehani na vitambaa vya wateja, akamwuliza kama anataka mto wa mgongo. Akasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kukaa kitako mchana bila kuinukainuka, na kwa kweli alifurahi.

Mama alimtazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Na wewe wamekuleta huku?"

"Nimekuja mwenyewe, Mama. Nilitaka usiondolewe."

"Jua hili linaniunguza macho tangu mwaka juzi," Mama alisema. "Mimi napenda kukaa jikoni."

Fundi alitazama barabarani. "Sasa hao unaowapungia kila siku?"

"Nawaita. Labda mmoja ataingia aniinue."

Fundi alimgeukia kaka, akamwambia Mama anataka kupelekwa jikoni. Kaka alisikia vizuri, maana masikio yalikuwa mazima. Alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula, akaandika: Namba kumi na tatu, Mama akae wapi. Itajadiliwa Jumamosi ijayo. Kisha akaangalia saa, ikawa inakaribia saa moja, akaenda kujilaza mapema asije akaanguka.

Mama aliendelea kupunga mkono. Mtu wa baiskeli alipita, akawapungia na yeye, akaenda zake. Fundi aliweka mkasi chini, akainua mkono, akaanza kupunga.