Spana na Milingoti Mitatu

Jina la Spana nilipewa na wateja, na wala hawakunipa kwa mapenzi. Miaka kumi na minne nimesuka nywele, na hakuna aliyewahi kurudi kwangu akisema msuko umelegea. Walichorudi nacho ni vipele kwenye paji la uso. "Ukisukwa na Spana," walisema, "unalala macho wazi siku mbili." Nilicheka nao. Kazi nilifundishwa na mama yangu, na neno lake lilikuwa moja: msuko usiouma haukai.

Kisha akaja mteja mmoja asiyejua kunong'ona. Alivua kilemba katikati ya saluni, akaonyesha juu ya masikio, mahali palipong'aa kama kiganja. Nywele zilikuwa zimeng'oka na mizizi yake. Mwenye saluni hakunigombeza mbele za watu. Aliniita nyuma, penye mataulo.

"Kuanzia leo unaosha vichwa na kufagia," akasema. "Mwisho wa mwezi nitakaa mimi mwenyewe kwenye kiti chako. Ukinivuta ulivyomvuta yule, utafute pengine."

Iliniuma. Mimi, nifagie nywele chini ya viti vya wasichana niliowafundisha mwenyewe! Niliapa sitoki pale kwa aibu, liwalo na liwe. Ila sikujua pa kuanzia, maana hakuna anayemtolea Spana kichwa chake afanyie mazoezi.

Mume wa dada yangu ni fundi wa meno bandia, na karakana yake iko mtaa wa pili. Mchana huwa nakwenda kula huko, kwa sababu ana meza safi na mdomo usio na breki, na siku ile nilitaka mtu wa kugombana naye. Nikamkuta ameshika tama, anatazama meli. Ilikuwa meli ya plastiki ya matanga, urefu wake kama mkono wangu mpaka kiwiko, zile zinazouzwa vipandevipande kwenye boksi ukaunganishe mwenyewe. Mwili alishaumaliza. Alikuwa ameupaka rangi, amepanga mizinga midogo ubavuni, amesimamisha milingoti yote mitatu. Zilibaki kamba.

"Ziko themanini na nne kwenye mchoro," akasema. "Nimefunga mbili, nimefungua mbili. Mimi ni mtu wa meno, shemeji. Nyuzi zinanitoa roho."

"Nyuzi tu? Hebu sogea huko."

Nikanawa mikono. Nikapitisha uzi kutoka ncha ya mlingoti wa nyuma mpaka ukingoni mwa meli, nikapiga fundo, nikavuta. Mlingoti ukalia ta! Ukakatika.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shemeji aliokota kipande, akakiangalia chini ya taa, halafu akaniangalia mimi.

"Na wateja wako," akauliza, "huwa wanapona?"

Siku nyingine ningemjibu akome. Siku hiyo nilikaa chini nikamwambia yote, kuanzia kilemba mpaka ufagio. Hakunipa pole, si mtu wa pole. Alitoboa tundu kila upande wa pale palipovunjika, akaingiza kijiti cha waya anaotumia kwenye meno, akatia gundi.

"Kesho itakuwa imekauka," akasema. "Wewe umeivunja, wewe utaifunga. Zote themanini na nne. Ukivunja tena nakung'oa jino."

Nikaanza kesho yake, nusu saa kila mchana, kibano mkononi, uzi nimeupitisha kwenye nta usitoe manyoya. Plastiki ina tabia moja ambayo mteja hana: haivumilii kwa adabu. Mteja hukaza meno, akanyamaza asikuudhi. Mlingoti hupinda papo hapo mbele ya macho yako. Tena ukikaza kamba ya mbele, ile ya nyuma uliyoiacha sawa jana inalegea. Ukiikimbilia hiyo, mlingoti wa kati nao unainama. Wiki ya kwanza nilifunga kumi na tano, nikafumua kumi na tatu. Shemeji alipita nyuma yangu na taya la plasta mkononi, akasema meli inaonekana imetoka kunywa.

"Cheka," nikamwambia. "Utaishiwa na meno na mimi bado niko hapa."

Siku ya kumi nikakiona kilichokuwa kinaniponza. Nilikuwa nimeshapitisha uzi, umenyooka, mlingoti umesimama wima, kazi imekwisha. Na vidole vyangu, bila kuniuliza, vikavuta mara moja zaidi. Mlingoti ukapinda. Nikafungua, nikarudia, vikavuta tena. Nikaweka kibano chini. Kumbe miaka yote ile uzi huwa umeshanyooka, na ninachokuja kuongeza juu yake ni woga. Niliogopa kazi yangu itafumuka, watu waseme binti hakumfikia mama yake, na woga huo ndio niliokuwa nikiufunga kwenye vichwa vya watu. Nililia, wala sioni haya kusema. Shemeji aliwasha mashine yake ya kusaga meno ili ajifanye hasikii.

Tangu hapo nikajiwekea sheria, na nilikuwa nikiitamka kwa sauti kila nikifunga: "Umenyooka, acha." Niliacha kutumia kucha, nikashika kwa nyama ya vidole. Nilifunga kamba moja ya kulia, moja ya kushoto, mlingoti usipate pa kuegemea. Shemeji akasema nimeanza kuzungumza na meli, atamwambia dada. Ya themanini na nne niliifunga siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Shemeji aliinama, akafumba jicho moja, akaitazama milingoti yote mitatu kutoka mbele. Halafu, mtu yule hana huruma, akaiweka meli mbele ya feni na kuiwasha mpaka mwisho. Karatasi zake zikaruka hadi mlangoni. Kamba zikatetemeka, lakini hakuna iliyolegea, hata kwenye mlingoti wenye waya tumboni.

"Zimekaa," akasema.

"Na hazijamuuma mtu," nikasema, na moyoni nikamwomba mama yangu radhi.

Mwenye saluni alikaa kitini asubuhi, kabla ya wateja, mabega yake yamepanda mpaka masikioni. Wasichana wote ghafla walikuwa na kitu cha kufuta karibu na kioo changu. Alitaka mistari ishirini ya kurudi nyuma. Nikagawa nywele kwa mkia wa kitana, nikapaka mafuta, nikaanza. Vidole vilitaka, jamani. Kila mstari vilikuja na ule mvuto wao wa mwisho, na kila mstari nikavinyima. Umenyooka, acha. Jasho lilinitiririka mgongoni. Kwenye mstari wa tatu mabega yake yalishuka. Kwenye wa sita kichwa kikawa kizito, kikaegemea mkono wangu. Sikuelewa mpaka nilipotazama kioo, nikaona macho yamefumba na mdomo umeachama. Nikaendelea polepole.

Mteja wa kwanza aliingia akaubamiza mlango. Mwenye saluni akashtuka, akajifuta mdomo, akakunja uso.

"Wewe, unangoja nini?" akasema. "Si uanze!"

"Niko mstari wa kumi na moja, mama," nikamwambia.