Taa ya Mama Rebeka

Mimi huandika mabango: saluni, bucha, mashine za kukamua alizeti. Ukiingia Singida mjini ukaona ng'ombe aliyechorwa ukutani anacheka wakati bucha inamsubiri, huyo ni wangu. Kwa hiyo bosi Chrispin aliponiita nimchoree picha kubwa ya rangi za mafuta, ya kutundika mapokezi kwenye nyumba yake mpya ya wageni, nilijua hajaniita kwa ufundi wangu. Aliniita kwa sababu ya mama yangu, Rebeka.

Nyumba yetu iko chini ya miamba, kando kabisa ya ziwa, na imekaa katikati ya nyumba yake ya wageni na maji. Mara tatu alikuja kumtaka mama auze. Mara zote tatu alikuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa, pamoja na kidau cha wino wa kuwekea dole gumba. Hakuuliza kama mama Rebeka anajua kuandika. Mama alikuwa katibu wa jumuiya ya kanisani miaka kumi na miwili, na kila jioni husoma Biblia kwa sauti mpaka kuku wanalala. Alimpa chai mara zote tatu, akamrudishia kidau chake.

"Nataka mji wetu jioni," bosi aliniambia. "Ziwa limetulia, miamba, taa ndiyo kwanza zinawaka. Pale chini ya miamba weka bustani."

"Pale chini ya miamba ndipo kwetu, bosi."

"Ndiyo maana nimekuita wewe, Ritha. Mama akiona bustani imechorwa na mwanaye, moyo utalainika."

Nilikubali kazi. Bustani sikukubali, ila hilo sikumwambia.

Wiki tatu nilipanda kwenye mwamba kila saa kumi na moja jioni, turubai ya kuchorea imeegemezwa kwenye jiwe, nikachora mpaka nisione brashi. Katikati ya kazi mafuta maalumu ya kuchanganyia rangi yakaniishia, na hapa mjini sikuyapata duka lolote. Mafuta ya alizeti je? Nyumbani tuna ndoo nzima, zao la shamba la mama kule Mwankoko. Nikachanganyia hayo. Rangi ilikubali vizuri, maji yakapata ule wekundu wa jua linalozama, nikajiona fundi. Tatizo ni kwamba haikukauka. Wiki ya kwanza mbichi, ya pili mbichi, mwezi ukapita bado mbichi.

Derick, mchoraji mwenzangu tunayegawana kibanda, aliigusa pembeni akanusa kidole.

"Dada, hii hukuichora. Umeikaanga." Kisha akaona nyumba yetu chini ya miamba, bati lake na mlango wake wa bluu. "Na bustani ya bosi?"

"Haipo."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Mimi Mkatoliki. Idi naalikwa, na ninakula vizuri tu."

Siku hiyohiyo nikaweka kitu cha mwisho: taa kwenye dirisha la mama. Tone moja nene la njano. Kabla ya tone hilo picha ilikuwa ya mji wowote. Baada yake ilikuwa kwetu.

Uzinduzi wa picha ulikuwa Jumapili alasiri. Mapokezi yalijaa watu, Miraji mtendaji wa mtaa amekaa mbele, mama amekaa nyuma na kitenge chake cha kanisani. Bosi akavuta kitambaa nilichokitundika mwenyewe mbele ya picha, bila kugusa rangi. Watu wakaanza kusogea na kuoneshana: ule mnara wa msikiti, lile paa la duka la Dina, kile kichochoro cha sokoni. Nilifurahi sana, sifichi.

Bosi yeye alikuwa ameona bati letu.

"Nilikuagiza bustani," alisema, anatabasamu kwa ajili ya wageni.

"Nimechora kilichopo, bosi."

"Kimeharibu picha. Tazameni wenyewe." Akageukia wageni, akanyoosha mkono na kuziba nyumba yetu kwa kidole gumba. Akakandamiza. "Mnaona? Bila hiki kibanda, mji umetulia."

Alipoondoa mkono, dirisha lilikuwa jeusi. Taa yetu yote ilikuwa kwenye dole gumba lake, njano, inang'aa kwa mafuta. Alikitazama kidole kama mtu aliyekanyaga mavi ya mbuzi kwa kiatu kipya.

Mama akasimama. Watu wakampisha.

"Mwanangu Chrispin."

"Shikamoo, mama." Hata yeye hakuweza kuiruka salamu.

"Marahaba. Umeondoka na taa yangu."

"Ni rangi tu, mama. Ritha atarekebisha."

"Simwambii Ritha. Nakwambia wewe, irudishe."

Akamshika kifundo cha mkono. Mama ana miaka sitini na minane na analima kwa jembe la mkono, akikushika umeshikwa. Akaupeleka mkono ule mpaka kwenye picha, akalinganisha kidole na dirisha, akakibonyeza palepale. Taratibu, bila hasira. Kilipotoka, taa ilikuwa imewaka tena, na ndani yake mistari ya kidole cha bosi, yote, huhitaji miwani.

"Mtendaji," mama akasema, "umeona?"

Miraji alikohoa. "Nimeona, mama. Ameweka dole."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya mashahidi."

Hapo kicheko kikaanza nyuma kabisa, kikaja mbele, kikamfikia bosi. Akasema picha haitaki. Nikaishusha mwenyewe, nikaibeba kichwani mpaka nyumbani, mama mbele ananisafishia njia.

Tuliitundika sebuleni, juu ya kiti cha wageni. Wiki mbili baadaye bosi alikuja mara ya nne, na karatasi mpya, na kidau kilekile. Mama akamkaribisha chai. Akavua miwani, akafunga Biblia, akanyoosha kidole ukutani.

"Tulishaandikishana, mwanangu. Dole lako lile pale. Na bado halijakauka."