Msimlishe Mbwa wa Zizi

Nyinyi mnaopanda kwetu na mabegi mgongoni, na nyinyi kina mama mnaofungua nyumba za wageni kwenye mabonde haya, nawaombeni jambo moja. Mbwa wa zizi asilishwe na mkono wa mgeni. Hata ganda la mkate. Hata akikutazama kwa macho ya yatima. Yule si wa kubembelezwa, yule ana kazi.

Nina watoto watatu. Dila yuko Bergamo, anamlea kikongwe wa Kiitaliano. Marash yuko Ujerumani, anapanga maboksi ghalani. Aliyebaki ni Gjelosh, kitinda mimba wangu, na aliyembakiza si mimi wala baba yake. Waliombakiza ni kondoo. Aliwapenda tangu hajaanza shule, akawaongeza mmoja mmoja mpaka wakajaa zizi, na jibini yake watu wa mahoteli ya mji wa Shkodra walikuwa wanaiulizia kwa jina.

Kila Jumapili Marash alipiga simu.

"We mchunga! Bado unanuka beberu?"

"Bora beberu kuliko boksi. Boksi ukiliita linakuja?"

"Acha utani. Tajiri wangu anataka mtu. Karatasi zako nimeshaziulizia, sema ndiyo tu."

"Nikija huko kondoo nimwachie nani? Mama awachunge na ufagio?"

Tukacheka wote, hata mume wangu Preka, ambaye kumchekesha ni kazi. Lakini mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu. Nilijua siku kondoo wakiisha, na huyu ameondoka. Usiku wa theluji niliamka kuwasikiliza kama wapo, jinsi mwingine anavyosikiliza mtoto mwenye homa.

Sasa Balo, mbwa wetu wa zizi. Nyumba yetu ni ya mwisho kabla ya mlima, na zizi liko juu yake kidogo. Balo alizaliwa ndani ya zizi lile, akalala na wana-kondoo, akakua anajiona ni kondoo mwenye meno. Chakula chake ni maji ya jibini na unga wa mahindi, na anakilia hapohapo, penye kondoo, kwa mkono wa Gjelosh peke yake. Ndivyo mbwa anavyofungwa bila kamba. Mbwa mwitu walikuwa wanamjua. Miaka yote ya Balo hatukupoteza hata sikio la kondoo.

Mwanzoni mwa Septemba walikuja Joost na mkewe Marijke, Waholanzi. Sitawasema vibaya. Walikuwa watu wazuri, wamevua viatu mlangoni bila kuambiwa, wamekula kila nilichoweka, na yule mama akaja jikoni kunisaidia kukamua maziwa yaliyoganda ya jibini mpaka mikono yake ikawa myekundu. Walitaka kukaa siku mbili, waone maisha yetu, halafu wavuke mlima waende upande wa Montenegro kwa miguu.

Jioni ya kwanza tumekaa nje, Balo akashuka kunusa hawa ni kina nani. Marijke akakata soseji ya moshi, akamnyooshea.

Gjelosh alisimama. Baba yake akamtazama, naye akakaa tena.

"Baba, mwambie."

"Nimwambie nini? Mgeni anasahihishwa mezani?"

"Atamharibu mbwa."

"Mbwa akiharibika ni mbwa. Mgeni akiaibika ni sisi."

Wengine husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwetu hata akae mwezi hapewi jembe, wala hapewi neno. Nyumba ni ya Mungu na ya mgeni, ndivyo Preka alivyolelewa, na kwa hilo hageuki.

Mimi nikaona nipitie dirishani kama mlango umefungwa. Nikamwambia Gjelosh, ambaye Kiingereza alikiokota kwa wageni hawahawa, "Mwambie huyu mama mbwa anaumwa tumbo, nyama haimfai."

Gjelosh akatafsiri. Marijke akashika kifua, akasema maneno mengi.

"Anasemaje?"

"Anasema masikini ya Mungu," Gjelosh akajibu, "basi atampa jibini badala yake. Na ana dawa ya tumbo kwenye begi."

Akampa jibini. Jibini yetu wenyewe! Balo akaweka kichwa kwenye paja lake, akafumba macho. Gjelosh akamkemea kwa lugha yetu, "Umekuwa Mholanzi wewe? Utapewa na pasipoti?" Wageni walicheka kwa sababu sisi tulicheka.

Jioni ya pili ikawa vilevile. Safari hii Balo hakusubiri kuitwa.

Asubuhi ya kuondoka kwao, Gjelosh alikuwa ameshawapeleka kondoo kwenye majani ya juu. Preka akapaza sauti kutoka uani.

"Gjelosh! Shuka uwasindikize wageni!"

"Wanajua njia, baba! Ina alama ya rangi kila jiwe!"

"Rangi ndiyo mwenyeji?"

Kwetu mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu. Anapelekwa mpaka jiwe la mpaka wa kijiji, saa nzima ya kupanda, na akipatwa na jambo kabla ya jiwe lile, ni jambo lako. Preka goti lake halipandi tena. Angekuwa na goti angekwenda mwenyewe, na leo nisingekuwa naandika.

"Na kondoo nimwachie nani?"

"Mwachie Balo. Mbwa anafugwa kwa nini?"

Gjelosh akashuka. Nilimwona akimsemesha Balo kwanza, mkono juu ya kichwa chake, akimwonyesha kondoo. Halafu akabeba begi la Marijke, akatangulia mbele. Nikawamwagia maji nyuma yao, safari iwe laini kama maji.

Ukungu ulishuka kabla sijamaliza kutandika vitanda vyao. Huku ukungu hauji kama mvua kwa kupiga hodi. Unatazama dirishani, mlima upo, unatazama tena, haupo. Nikatoka nje kusikiliza kengele. Zilikuwa zinalia polepole, kengele za kondoo wanaokula. Nikarudi ndani. Kisha zikalia zote kwa pamoja, kama mtu amemwaga masufuria, zikakimbia, na mimi nikakimbia pia nikipiga kelele, "Balo! Balo!" Hakubweka. Preka akafyatua bunduki hewani, ukungu ukaumeza mlio.

Mbwa mwitu hawakula wengi. Hawakuwa na haja. Kondoo wakiogopa ndani ya ukungu humfuata wa mbele, na wa mbele alikuwa anakimbilia kwenye genge la mlima.

Nilimkuta Gjelosh ukingoni mwa genge lile. Alikuwa njiani kurudi kutoka kwenye jiwe aliposikia kengele, akaja mbiombio. Amepiga magoti, anatazama chini, na chini hapaonekani kitu, weupe tu, ila kunasikika. Sitaandika kilichosikika. Nilimshika koti kwa nyuma, kwa mikono miwili, nikamshikilia.

"Balo yuko wapi, Mama?"

"Sijui, mwanangu. Rudi nyuma kidogo."

"Hayupo, hata damu yake haipo."

Ukungu ulipofunguka majirani walishuka na visu na kamba, wakachinja waliokuwa bado wanapumua. Waliopona walikuwa wachache, hata zizi hawakulijaza pembe moja.

Jioni simu ya Gjelosh ikalia mezani. Ilikuwa picha kutoka kwa Marijke. Wamekaa kwenye jua upande wa pili, ziwa nyuma yao, na katikati yao Balo, ulimi nje, mkono wa Joost shingoni mwake. Gjelosh akatusomea alichoandika: rafiki yao huyu aliwakuta baada ya jiwe, akawasindikiza mpaka huku, asanteni, mna mbwa mkarimu kama nyinyi wenyewe.

Nikasema, "Waandikie. Waandikie kilichotokea."

Preka alikuwa amekaa na mikono yake mapajani, bado ina damu. Akasema, "Wameshavuka jiwe salama. Usiwatie uchungu njiani."

Nilimtazama mume wangu nikatamani kumchukia, nikashindwa. Gjelosh akaandika maneno mawili, safari njema, akaifunika simu kifudifudi. Mpaka leo wale watu hawajui. Kila Krismasi wanatuma salamu, na wanamuulizia Balo.

Balo alirudi siku kadhaa baadaye, anachechemea, mawe ya njia yamemla nyayo. Akaenda moja kwa moja kwenye zizi, akazunguka, akanusa kila kona, akalala mlangoni. Jirani yetu Lekë akaja na bunduki yake.

"Mbwa aliyeacha kondoo haachwi hai, Gjelosh. Unajua. Kama wewe mkono mzito, nipe mimi."

"Hakuacha kondoo, mjomba. Ameitwa na mkono wa mtu, akaenda."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Basi mchukue. Na hawa kondoo waliobaki wachukue. Ila usimpige risasi, na usimlishe nje ya zizi."

Lekë akashusha bunduki. Hapo ndipo nilipojua. Mtu akigawa mbwa wake na kondoo wake siku moja, anafungua mikono ili abebe kitu kingine. Nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nikang'ata kitambaa changu cha kichwa.

Jumapili Marash alipiga simu, akaanza, "We mchunga..." na Gjelosh akamkatiza, "Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nakuja."

Marash hakufanya utani. Akaomba kuongea na mimi, na mimi nikakataa kwa kichwa.

Aliondoka kabla theluji haijafunga barabara. Baba yake alimbebea sanduku mpaka kwenye gari, goti lile lile, na hakukubali kupokewa.

Agosti iliyofuata alikuja likizo. Amenenepa usoni, ana viatu vipya vya kupandia milima, vya bei, akavivua mlangoni na kuvipanga. Preka alipomwona anaingia alisimama, akamwachia nafasi ya karibu na moto, ile ya mgeni. Nadhani hakukusudia, miguu ilisimama yenyewe. Nikaleta kahawa kwenye sinia. Gjelosh akasema asante. Hajawahi kuniambia asante kwa kahawa maisha yake yote.

Tulikula, tukaongea habari za Ujerumani, mvua yake na kodi zake. Zizi hakuliuliza. Alipoinuka kwenda kulala alisimama kwenye ngazi.

"Mama, chai ya asubuhi ni saa ngapi? Nataka kupanda juu kabla ya jua kali."

"Wakati wowote," nikamwambia. "Ukiamka tu, itakuwa mezani."