Ufunguo Ulioingia Ibadani

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Hidari, wa tatu katika kalenda ya kwao, sikukuu ya Malaika Mikaeli. Kulikucha kwa baridi kali, na moshi wa takataka ambazo kila nyumba huchoma siku hiyo ulikuwa umetanda chini chini juu ya mji wa Amba Wuha.

Yirdaw alifika mapema ua wa manispaa, penye mashine ya kuchajia magari ya umeme, moja tu mji mzima. Alichomeka waya kwenye teksi yake, akafunga milango. Gari likifungwa, waya nao hubanwa, hautoki bila ufunguo.

"Niachie ufunguo, mwanangu," alisema Mama Workinesh, muuza kahawa wa pale uani. "Leo sikukuu, wenye shida watakuwa wengi."

"Nikuachie, ukajiendeshe sokoni?"

"Mimi? Hata punda alishanikataa!"

Walicheka. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa Yirdaw, naye akaenda kanisani. Simu aliizima, viatu akaviacha langoni.

Ibada ilipofika katikati, sauti ilipazwa nje ya mlango wa wanaume. "Mwenye teksi nyeupe! Yirdaw! Toka, nakuomba!"

Aliitambua. Ilikuwa sauti ya Getnet, dereva mwenzake wa kijiji cha juu. Anawahi abiria wa sikukuu huyo, alijiambia. Tena aliyeingia ibadani hatoki kabla padri hajawaruhusu watu, ndivyo alivyolelewa. Sauti ikaita mara ya pili, na safari hii ilikuwa na kitu kilichokatika ndani yake. Yirdaw alivuta shuka lake jeupe likamfunika kichwa, akaendelea kusali. Maneno ya sala yalikuwa midomoni tu.

Watu waliporuhusiwa, saa nzima baadaye, hakungoja mkate wa baraka. Alishuka mbio, kamba za viatu zikiburuta.

Uani wanawake walikuwa wamesimama wakizungusha mashuka kulificha gari la Getnet. Mama Workinesh alitoka katikati yao na kichanga kifuani.

"Mtoto tumempokea," alisema. "Mama yake ndiye damu haikatiki. Gari la zahanati limekwenda bondeni tangu alfajiri, na la Getnet limefika hapa likaisha chaji. Yeye ana damu nguoni, haruhusiwi kuingia kanisani, akakuita mlangoni tu. Tumeuvuta huo waya wako mpaka mikono imechubuka."

Getnet hakugomba. Alinyoosha kidole kwenye waya. "Fungua."

Teksi ilikuwa imejaa chaji. Walimlaza Asnakech, mkewe Getnet, kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Mama Workinesh. Kilomita sitini mpaka hospitali Yirdaw alizikimbiza. Kila mlima alijaribu kumwomba Mikaeli, na kila mara aliishia kwenye jina tu.

Hospitalini walimwingiza Asnakech ndani, mlango ukafungwa. Baadaye muuguzi alitoka, akasema wanamwongezea damu na hawezi kuahidi lolote.

Getnet alikaa kwenye benchi, mtoto mikononi. "Simlaumu mtu," alisema. "Ibadani kuna ngoma, kuna nyimbo. Usingenisikia."

Kisingizio kilikuwa tayari mbele ya Yirdaw. Angeitikia kwa kichwa tu, yakaisha.

"Nilikusikia," alisema. "Mara zote mbili."

Getnet alimtazama. "Ukakaa?"

"Nikakaa."

"Unasali kwa nani wewe?" Mama Workinesh aliuliza, machozi yakimtoka. "Huyo Mikaeli unayemfungia mlango ndiye aliyekuwa anakuita!"

Yirdaw alisimama, akavua shuka lake jeupe, akamfunika nalo mtoto aliyekuwa akitetemeka. Kisha akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia:

"Mama Workinesh, na wewe muuguzi, na ninyi nyote mlioketi hapa, nishuhudieni. Tangu leo nikichomeka gari, ufunguo utabaki kwa Mama Workinesh, kando ya mashine. Na mtu akiniita, Getnet, hata padri awe ameinua mkate mtakatifu, nitatoka."