Siku Tuliyomtoa Shangazi Bandani

Akitembea haoni mbele. Akiruka anaona nchi nzima. Haya, nitegulie. Usiseme kuku, maana kuku haruki popote pa maana. Wala usiseme bundi, huyo hana habari ya kutembea. Umeshindwa? Mji wako baki nao, mimi Lincoln, mji wetu huku Uingereza, unanitosha. Jibu ni ndege ya kivita ya zamani, ile yenye gurudumu dogo chini ya mkia. Ikiwa ardhini pua yake imeinuka juu, na rubani haoni kilicho mbele yake. Ndiyo maana hutembezwa kama nyoka, pua kushoto, pua kulia, ili rubani achungulie pembeni. Na penye ncha ya bawa hutembea mtu akimwonyesha njia kwa mkono.

Hayo alinifundisha Kamanda Rowland Tasker, mimi niliyekuwa mpishi tu wa kambi yake ya jeshi la anga. Kambi zetu zina desturi yao: siku ya Krismasi maofisa huvaa aproni wakawapakulia askari wa chini. Makamanda wengine waligawa viazi viwili vitatu, wakapigwa picha, wakaenda zao. Kamanda Tasker alibaki mpaka kuosha masufuria. Siku moja, povu limempanda hadi viwikoni, akaniuliza, "Bi Hilda, humu mmepika chakula au lami?"

"Chakula, Kamanda. Lami ni ile supu ya Jumatano."

Alicheka mpaka miwani ikatumbukia majini. Na supu ile hatukuiona tena.

Sikuwahi kumsikia akimfokea mtu. Kijana akianguka mtihani wa urubani, akitua vibaya, akitapika angani, Kamanda alimwendea na swali moja tu: "Lini tena?" Basi. Wapo wanaume wazima leo, wana wajukuu, ukiwatajia maneno hayo mawili macho yanawalegea.

Alipostaafu akaipata ndege yake, mojawapo ya hizo za zamani, kwenye ghala la mkulima mmoja, kuku wametaga ndani ya kiti cha rubani. Yeye na fundi wake, mzee Odling, wakaifufua kidogo kidogo. Akaiita Shangazi, kwa sababu ina kelele na haipendi kuharakishwa. Jumapili akiirusha, waliokuwa wakianika huku chini waliacha nguo mkononi, kibanio mdomoni, wakatazama juu. Mimi nilikuwa nawauzia watazamaji chai pale uwanja wa ndege.

Mtu mmoja tu ndiye aliyefundishwa na Kamanda kumrusha Shangazi: Imogen Leake, binti wa wakulima wa viazisukari, aliyewahi kuwa rubani chini yake jeshini. Msichana hodari. Lakini alizoea ndege za siku hizi, ambazo rubani huona mbele kama dereva wa basi. Siku ya sherehe ya kijiji umati ulikuwa unamshangilia, mtu wa kumwongoza bawani hajafika, naye akasahau. Hakuzungusha pua kushoto wala kulia. Alikwenda moja kwa moja, na moja kwa moja palikuwa na hema langu la chai.

Mimi nilikuwa nimetoka kufuata maziwa. Pangaboi la puani mwa ndege likala meza, vikombe, kitambaa na mikate yangu yote ya plamu, ile ya kutiwa zabibu kavu. Hakuumia mtu.

Kamanda alifika polepole na fimbo yake. Akabandua zabibu kavu kwenye bawa, akaitia mdomoni. "Hilda, leo mkate umekolea." Kisha akamgeukia Imogen, aliyekuwa ameshashuka. "Lini tena?"

Imogen alikuwa ananitazama mimi, nimesimama na jagi langu la maziwa.

Odling alilalamika majira yote ya baridi, lakini akamtengeneza Shangazi, akamfunga pangaboi jipya. Kamanda aliendelea kuuliza kila Jumapili, kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani. Imogen alikuwa akirusha ndege nyingine bila wasiwasi, lakini akisikia swali lile anasema chai imepoa, anaondoka. Mwezi wa pili Kamanda akalala, hakuamka. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeshiba.

Mei tukakusanyika uwanjani kumkumbuka. Palikuwa na mkate wa plamu na jibini, na vicheko vingi kuliko machozi, kama alivyopenda. Mjane wake, Bi Marjorie, akagonga kikombe kwa kijiko.

"Watu wa makumbusho wanakuja Jumatatu na lori," akasema. "Watamtundika Shangazi kwenye dari kwa waya. Sina la kufanya. Ndege bila rubani itaozea bandani."

"Kumtundika kama nyama buchani!" Odling akanguruma. "Injini nimeiwasha asubuhi, mama. Inaimba! Huyo si wa kutundikwa."

"Basi kama inaimba, ipeleke juu wewe, Odling."

"Mimi? Nikipanda ngazi tu naona kizunguzungu."

Watu wakacheka. Bi Marjorie hakucheka. Alikwenda mpaka alipokaa Imogen. "Mwanangu, anayemjua Shangazi ni wewe peke yako. Rowland alikuuliza, sasa nakuuliza mimi. Lini tena?"

Imogen akaangalia viatu vyake. Halafu akanitazama. "Bi Hilda, ungekuwepo pale siku ile..."

"Sikuwepo."

"Lakini ungeweza kuwepo."

Kumbe! Muda wote huo nilidhani ni aibu ya meza na vikombe. Kumbe ni mimi niliyemkaa moyoni. Nikafungua aproni yangu, nikaiweka juu ya mkate, nikatoka kuelekea kwenye majani alikosimama Shangazi tangu Odling amtoe bandani asubuhi. Nikashika ncha ya bawa. Lilikuwa la moto kwa jua, kama mgongo wa farasi.

Imogen akaja mbio nyuma yangu. "Unafanya nini, bibi?"

"Nakuongoza. Nikiinua mkono huu geuza huku, nikiinua huu geuza kule. Alinifundisha Kamanda mwenyewe."

"Na goti lako bovu?"

"Goti langu litakuwa hapa bawani, unaliona. Tembea kwa mwendo wangu, usije ukanipita. Ukifika penye uwanja mpana nakuachia, nami narudi kwenye chai yangu."

Odling alikuwa ameshaleta ngazi, wala hakuna aliyemtuma. Bi Marjorie akasimama kando ameshika kofia yake.

Imogen akaweka mguu kwenye ngazi. Akatazama bendera ilivyokuwa ikipepea juu ya banda, kisha akamgeukia mjane.

"Leo," akasema. "Sasa hivi, kabla upepo haujageuka."